Makindu: treni mpya haisimami, wageni wanasimama

Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri aliyepanda treni ya kwenda bara kutoka Mombasa alikula chakula cha jioni Voi na kiamshakinywa Makindu. Mabehewa ya wakati huo hayakuwa na jiko wala meza. Treni ilipofika kwenye kituo kilichopangwa, abiria walishuka na mavumbi yao, wakaingia katika nyumba ya reli iliyojengwa kwa kazi hiyo, wakapewa chakula na muda mfupi wa kukimaliza, kisha injini ikalia na kila mtu akarudi mahali pake. Makindu ilikuwa mahali pa kulia kabla haijawa mji.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Desemba 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Makindu, kwenye uwanda mkavu wa Ukambani, zaidi ya kilomita 160 kutoka Nairobi, ilipata bahati ambayo majirani wengi hawakuipata: maji. Mvua inayonyesha juu ya Milima ya Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkano na kuibukia chini kama chemchemi, na injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokwisha. Karakana ikawekwa hapo, na pamoja nayo mafundi, wengi wao Wasikh kutoka Punjab.

Mafundi hao walihitaji mahali pa kusali. Mwaka 1926 walijenga hekalu lao, gurdwara, kando ya reli. Karakana ilihama, wafanyakazi wakaenda Nairobi, Kisumu na kwingineko, na kwa miaka mingi jengo hilo likabaki na waumini wachache. Halikufa. Leo lina nyua pana, vyumba vya kulala wageni, miti ya kivuli na jiko linalopika mchana kutwa. Kila siku ya Mungu, mtu yeyote anayeingia kupitia lango lile anakula bila kuulizwa dini, kabila wala uwezo wake.

Hakuna bili. Hakuna anayekufuata na kisahani cha kuomba bakshishi. Lipo sanduku la sadaka kwa anayetaka, na asiyetaka au asiye na kitu huaga na kwenda zake.

Jambo hili ni la kawaida mno kwa wakazi wa Makindu kiasi kwamba wengi hawalishangai tena, lakini mgeni anayelikuta kwa mara ya kwanza huwa anatafuta mtego. Hakuna mtego. Desturi ya langar, yaani chakula cha pamoja kinachotolewa bure, ilianzishwa na Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka ambayo hayakuruhusiwa hata kula pamoja. Kuwaketisha wote safu moja, tajiri kando ya maskini, chakula kile kile kutoka chungu kile kile, lilikuwa tendo la kupinga mgawanyiko huo waziwazi. Hekalu la Amritsar nchini India hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku kwa utaratibu huo huo. Makindu ni ndogo, lakini kanuni ni moja.

Masharti ni machache na ni ya heshima. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa mikono. Sigara na pombe haziingii. Chakula hakina nyama: ni chapati, dengu, wali, mboga zilizoungwa kwa viungo, na chai ya maziwa. Unaweza kuongezewa, lakini ulichokichukua unakimaliza, kwa sababu kutupa chakula cha langar ni kumvunjia heshima aliyekitoa na aliyekipika.

Nusu ya sahani hiyo, Mkenya haioni tena kuwa ngeni. Chapati na dengu ni chakula cha sikukuu Kisii, cha Jumapili Nyeri na cha mchana kwenye vibanda vya Nairobi. Pwani ilikuwa na biashara na Bara Hindi karne nyingi kabla ya reli, na mapishi yalivuka bahari pamoja na nguo na shanga. Ila kuyafikisha bara, kambi kwa kambi na kituo kwa kituo, reli ilichangia pakubwa. Anayekula chapati Makindu anaila kwenye mojawapo ya njia zilizoileta.

Kilomita chache upande wa Nairobi, Kiboko, kuna kituo kingine cha zamani cha kula, chenye historia ya namna tofauti kabisa. John Alexander Hunter, mwindaji kutoka Scotland, aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuua vifaru ili ardhi ya Makueni ifunguliwe kwa makazi ya Wakamba. Kati ya mwaka 1944 na 1946 aliua karibu 1,000. Baadaye alijenga nyumba ya wageni karibu na chemchemi ya Kiboko, na vizazi vya familia za Nairobi vimesimama hapo kunywa chai chini ya migunga, watoto wakitazama ndege kwenye bwawa, kabla ya kuendelea na safari ya Mombasa. Chai hiyo inastahili kunywewa huku mtu akijua kilichotendeka katika vichaka vinavyomzunguka. Kifaru mweusi aliyekuwa wa kawaida mahali hapa leo analindwa kwa bunduki ndani ya hifadhi.

Barabara ilipopewa lami na mabasi kuzidi treni, ulaji wa safarini ulibadilika. Mji wa njiani ulianza kuishi kwa dakika 20. Basi linasimama, makanga anatangaza muda, abiria 50 wanashuka kwa pamoja, msalani kwanza, halafu dirishani kuagiza. Wachuuzi nao wanazunguka basi na machungwa, ndizi, njugu, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, maji baridi, soseji. Dakika 20 zikiisha, vumbi linabaki.

Kwa mwenye hoteli, hii ilikuwa biashara nzuri, na pia ilikuwa biashara mbaya. Nzuri kwa sababu wateja walikuja wenyewe, mchana na usiku. Mbaya kwa sababu abiria wa basi hachagui pa kula. Anayechagua ni dereva, ambaye mara nyingi hula bure pamoja na makanga wake mahali atakapowapeleka wengine. Mteja asiyechagua, na ambaye hatarudi kesho, hampi mpishi sababu ya kupika vizuri. Ndiyo maana kila aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Nairobi na Mombasa anakumbuka chipsi zilizopoa, chai iliyopashwa mara tatu na bei iliyopanda kwa sababu tu mteja hana pa kwenda. Sio hoteli zote zilizokuwa hivyo, na sio zote zilizo hivyo leo. Lakini utaratibu wenyewe ulizaa uzembe huo, na uzembe huo ndio ulioifanya miji hii iwe dhaifu siku mambo yalipogeuka.

Yaligeuka mwaka 2017. Tarehe 31 Mei, Rais Uhuru Kenyatta alizindua reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, na treni ya abiria ikaanza kazi kwa nauli ya shilingi 700 katika daraja la kawaida. Safari iliyokuwa ikila usiku mzima kwa treni ya zamani sasa ilichukua takribani saa tano. Treni ya zamani, na sahani zake na meza zake zenye vitambaa vyeupe, ikaondolewa. Vituo vya abiria vya reli mpya kati ya miji hiyo miwili viliwekwa Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River.

Makindu haimo. Mji ambao reli iliuzaa kwa ajili ya kiamshakinywa uliachwa na reli iliyofuata.

Pigo la pili lilikuja kwa upande wa mizigo. Agosti 2019 serikali iliagiza makontena yanayotoka bandari ya Mombasa yapelekwe bara kwa treni. Watu wa Mombasa waliandamana, na agizo likalegezwa miezi michache baadaye, ila malori tayari yalikuwa yamepungua. Dereva wa trela ndiye mteja mkubwa wa mji wa njiani: anakula mara tatu, analala, anaoga, ananunua muda wa maongezi, anatengenezesha gurudumu. Akitoweka yeye, anayeumia wa kwanza ni mama anayepika ugali na matumbo kwenye kibanda cha mabati, kwa sababu hana akiba ya kusubiri siasa zibadilike. Zilibadilika Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa na kurudisha Mombasa shughuli za kuidhinisha mizigo. Malori yaliongezeka tena. Nauli ya treni nayo ilipanda hadi shilingi 1,500 mnamo Januari 2024, na baadhi ya abiria wakarudi kwenye mabasi.

Ingetosha kusema kwamba mji uliyumba na ukasimama tena. Lakini kuna jambo jingine lililokuwa likikua pembeni, na ndilo la maana zaidi: watu walioanza kuja Makindu kwa hiari yao.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miji midogo ya Makueni imepata maafisa wa kaunti, benki, vyuo, hospitali zenye shughuli zaidi, na pamoja nao watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wikendi ya kutumia. Barabara ya lami kutoka Kibwezi hadi Kitui imeunganisha pande mbili za Ukambani zilizokuwa zimetenganishwa na vumbi, na ile ya kutoka Emali kwenda Loitoktok imeleta magari yanayoelekea Amboseli. Kwa upande wa Nairobi, barabara ya juu kutoka Westlands hadi Mlolongo, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza saa nzima ya foleni kwa anayetaka kutoka mjini Jumamosi asubuhi. Familia ya Nairobi sasa inaweza kwenda Makindu, ikala, ikapumzika na kurudi kabla ya giza.

Na inakwenda. Jumamosi na Jumapili, nyua za hekalu hujaa magari ya familia za Kisikh kutoka Nairobi na Mombasa, na mabasi madogo ya mahujaji. Kando yao wapo vijana wa pikipiki kubwa, vikundi vya makanisa vilivyokodi basi, walimu na wanafunzi wanaopitia kwenye safari ya Pwani, na wakazi wa Makindu wenyewe wanaoleta wageni wao kuwaonyesha mahali wanapojivunia. Mlo huo wa bure haukuwaua wenye hoteli za mjini. Anayekula dengu saa sita hununua nyama saa tisa, hujaza mafuta, hununua tikiti maji na gunia la makaa. Mtu akishasimama, anasimamia mengi.

Upande wa pili wa barabara ndiko iliko Makindu ya nyama. Mbuzi wa huku wanakula vichaka vya nchi kavu, na Emali, mpakani na Kajiado, ni soko ambako mifugo ya Wamaasai na Wakamba hukutana. Mchoma nyama anamkata mbuzi mbele ya mteja: unaonyesha mbavu au mguu, unasema kilo moja au moja na nusu, nyama inapimwa, inapata chumvi, inapanda jikoni. Hapo ndipo mgeni anapojifunza subira. Moto wa kuni za mgunga haukimbizwi. Nyama inageuzwa taratibu hadi mafuta yaanze kudondoka, inaletwa juu ya ubao, inakatwakatwa kwa kisu kikubwa, na inaliwa kwa mikono pamoja na ugali, kachumbari na pilipili. Anayetaka mchuzi anaomba ikaangwe. Supu ya vichwa na miguu huja kwanza, ndani ya vikombe, na wazee wa mji huu husema ndiyo dawa ya kila kitu.

Matembezi ya kula nyama yana hatari yake, na makala ya chakula isiyoitaja itakuwa inaficha. Nyama huletwa na bia, na bia hurudi barabarani ikiwa nyuma ya usukani, kwenye barabara kuu ya njia mbili ambako trela na basi hupishana kwa nafasi ya dhiraa. Barabara ya Mombasa imeua watu wengi mno. Kundi linalotoka Nairobi kwenda kula mbuzi linapaswa kuwa na mtu mmoja asiyegusa chupa, basi.

Ila chakula kinachoifanya Makindu iwe Makindu hakiko kwenye ubao wa nyama. Nyama choma iko Kenya nzima. Kilicho cha hapa ni muthokoi.

Muthokoi ni mahindi yaliyovuliwa ganda. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa kwenye kinu hadi ganda la juu litoke bila punje kuvunjika, hupepetwa kwenye ungo, kisha huanikwa. Kazi hii ilikuwa ya wanawake wawili au watatu kwa kinu kimoja, michi ikipokezana. Siku hizi ziko mashine za kukoboa, ingawa wapo wanaoapa kwamba punje ya kinu ina ladha yake. Baada ya hapo muthokoi huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe, mbaazi au ndengu, na mwishowe huungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta, pengine na vipande vya mifupa yenye nyama. Kwa kuwa ganda limetoka, punje hulainika na kunywa mchuzi, na tumbo halilalamiki kama linavyolalamikia githeri iliyoiva nusu. Hiki ni chakula cha kushibisha mtu anayelima, chenye wanga na protini katika chungu kimoja, na kilibuniwa na watu wanaoijua ardhi ambayo mvua yake haina ahadi.

Mbaazi na ndengu ndizo hazina ya Makueni. Zinastahimili ukame, zinairudishia ardhi rutuba, na ndengu huvunwa kwa muda mfupi baada ya mvua za vuli. Kaunti jirani ya Kitui, chini ya gavana Charity Ngilu, iliendesha kampeni kubwa ya kilimo cha ndengu mwaka 2018. Na pale Kiboko, karibu na ile nyumba ya wageni ya Hunter, kuna kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO, ambako wanasayansi wa Kenya na wa mashirika ya kimataifa hujaribu mbegu za mahindi, mtama na mbaazi zinazovumilia jua. Mwaka 2013 kilifunguliwa hapo kituo cha kuharakisha uzalishaji wa mbegu bora za mahindi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Yaani baadhi ya mbegu zinazotafutwa ili bara hili lipate kula katika tabianchi inayobadilika zinalimwa mwendo mfupi kwa bodaboda kutoka kwenye meza za Makindu.

Kando ya mito ya Makindu na Kibwezi, wakulima wadogo wanatumia maji yale yale ya Chyulu kumwagilia bamia, bilinganya na karela, mboga zinazopendwa na Wahindi na ambazo kwa miaka mingi zimesafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Juu zaidi, milima ya Makueni inatoa maembe na machungwa, na mwaka 2017 kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba ili wakulima wasiuze embe kwa bei ya kutupa wakati wa msimu. Asali ya Kibwezi ina jina lake, na vibanda vya barabarani vina ukwaju na mabuyu.

Sasa mgeni aingie katika hoteli ya kisasa ya mji huu wenye vyote hivyo. Aghalabu orodha ya vyakula itaanza na chipsi na kuku, itaendelea na chipsi na soseji, na muthokoi, ukiwepo, utakuwa mstari wa mwisho au utasikika kwa mdomo tu, kwamba umepikwa nyuma kwa ajili ya wafanyakazi. Viazi vya chipsi hizo havilimwi Makindu. Vinatoka nyanda za juu, mamia ya kilomita. Kenya iliona mwaka 2022 jinsi utegemezi wa aina hii unavyoweza kufika mbali: mapema Januari mikahawa ya KFC nchini ilikosa chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje na meli zimechelewa, wakati wakulima wa Nyandarua wana viazi. Hoteli ya Makindu haiagizi viazi kutoka ng'ambo. Lakini wazo ni lile lile, kwamba chakula cha heshima ni kile kinachotoka kwingine.

Wazo hilo limekuwa likipingwa kwa bidii. Tangu miaka ya 1990 mtaalamu wa mimea Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya wamekuwa wakikusanya na kutangaza vyakula vya asili, na mwaka 1999 walichapisha kitabu kikubwa cha mimea ya vyakula vya kiasili vya Kenya. Mboga kama managu na terere, ambazo zamani zilidharauliwa kama chakula cha njaa, leo zinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Desemba 2021 UNESCO iliitambua juhudi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili kama mfano mwema wa kuhifadhi urithi, ambao nchi nyingine zinaweza kuiga.

Ikiwa mboga ya managu imeweza kupanda hadi Nairobi, muthokoi hauna sababu ya kujificha jikoni Makindu kwenyewe. Mgeni aliyeendesha gari saa mbili na nusu kutoka jijini hakuja kula chipsi, alizoziacha chini ya nyumba yake. Amekuja kutafuta asichokuwa nacho. Hekalu limeelewa jambo hili bila kufanya utafiti wa soko: linapika chakula chake, kwa njia yake, kwa masharti yake, na watu wanavua viatu na kukifuata. Halijawahi kubadilisha orodha ili kumfurahisha mpita njia, na ndiyo maana mpita njia anarudi.

Hoja hii si ya mapishi tu. Tangu mwaka 2017 serikali imekuwa ikizungumza na kampuni za Marekani, kwanza Bechtel na baadaye Everstrong Capital, juu ya barabara kuu mpya ya kulipia kati ya Nairobi na Mombasa. Barabara ya namna hiyo huwa na uzio na milango michache ya kuingilia na kutokea. Gari linalopita kasi halisimami kwa sababu limeona moshi wa nyama. Linasimama kwa sababu dereva ameamua kabla hajaondoka nyumbani. Mji unaoishi kwa wapita njia wasio na chaguo utakufa siku barabara hiyo itakapofunguliwa, kama vile hoteli za dakika 20 zilivyotetemeka mwaka 2017. Mji ambao watu wanaujua kwa chakula chake utatafutwa hata kama uko kilomita tano nje ya njia.

Kwa hiyo, wenye hoteli wa Makindu wana muda, ila si mwingi. Waandike muthokoi juu kabisa ya ubao, waupike asubuhi ili mteja wa mchana asisubiri, wauze ndengu na mbaazi za wakulima wao kwenye pakiti zenye jina la mji, waweke asali ya Kibwezi mezani badala ya sukari. Serikali ya Kaunti ya Makueni ihakikishe soko lina vyoo safi na maji, kwa sababu hakuna familia inayorudi mahali ilipokosa choo. Na ipiganie mlango wa kutokea Makindu kwenye ramani ya barabara mpya sasa, wakati ramani bado ni karatasi.

Nawe msomaji, ukipanga kwenda Jumamosi, ondoka Nairobi kabla ya saa moja asubuhi, beba kitambaa cha kichwa kwa kila mtu na kitu kidogo cha kutia kwenye sanduku la sadaka. Kula hekaluni ulichopakuliwa, ukimalize. Kisha vuka barabara kwa uangalifu, ingia hoteli yoyote ya mjini na uulize muthokoi. Wakikuambia hawana, usikubali chipsi. Waambie utapita tena, na kwamba ukirudi utauliza tena.